Bi Kanyaga na Mashine ya Chupa

Wifi yangu pale chuoni haitwi kwa jina. Ni Bi Kanyaga, basi, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa chuo. Ndiye mfagizi wa mabweni na madarasa, na ole wako utupe chupa ya maji ikiwa bado imetuna. "Kanyaga kwanza!" Sauti hiyo naisikia mpaka huku kantini ninakouza chai. Chupa iliyobonyea hailijazi gunia upesi, na magunia anayabeba yeye. Chuo kizima kilishazoea: kunywa, kanyaga, tupa.

Sasa ikaletwa mashine. Jamani, ile mashine! Ndefu kama kabati, ina tundu kifuani na taa juu. Unaingiza chupa tupu, inaimeza, inakuandikia pointi. Pointi chache, unakunywa chai ya bure kwangu. Nyingi kidogo, muda wa maongezi. Ukizirundika kwelikweli, unapata nafasi ya bure katika darasa la jioni la ufundi umeme.

Wifi aliposikia hilo la mwisho alinibana mkono mpaka nikapiga yowe. Darasa hilo amelifagia miaka nenda rudi, akiibia macho ubaoni na kuokota vipande vya waya. Ada yake hakuwa na ubavu nayo. "Wifi, safari hii na mimi nakaa kwenye dawati," akaniambia. Tangu hapo kila chupa aliyookota aliisuuza, akaikausha, akaiweka stoo. Na mimi na mdomo wangu usio na breki, nikaitangazia kantini nzima.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha tukayakokota magunia hadi kwenye mashine. Akaingiza chupa ya kwanza. Mashine ikanguruma, ikaitema. Ya pili, ikaitema. Kwenye kioo ikaandika: "Chupa haitambuliki."

Nikapandwa na mori. "We kabati, kama hizi si chupa ni nini, kandambili?" Nikaizaba kofi. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa nyuma yetu akanieleza taratibu kwamba mashine inatambua umbo la chupa na lebo yake. Iliyobonyea haiijui.

Wifi akaketi juu ya gunia. "Nimezikanyagisha mwenyewe," akasema. "Zote." Roho iliniuma.

Akabaki anaigeuzageuza ile chupa iliyotemwa. Mara akaitia mdomoni, akapuliza, mashavu yakamvimba. Pa! Chupa ikanyooka. Akairudisha tunduni. Mashine ikanguruma, ikasita, ikameza! Taa ya kijani ikawaka. Nilipiga kigelegele mpaka madirisha ya mabweni yakafunguka.

Basi hapo hapakutosha. Wanafunzi wakashuka mbio, kila mmoja na chupa mdomoni. "Mama, ulitutesa kukanyaga, sasa unatutesa kupuliza!" mmoja akalalamika huku akikimbilia nyingine. "Puliza, acha maneno!" wifi akamjibu. Mimi nilipuliza hadi kichwa kikawa chepesi, kantini yangu wazi, chai inachemka peke yake.

Mwalimu wa umeme akatokea na funguo mkononi, anakwenda kufunga usajili. Huyo siku zote humwita wifi "mama wa fagio". Akasimama, anashangaa.

"Shikamoo mwalimu," nikamwambia, "usitukodolee macho, tusaidie!"

"Marahaba," akajibu, na kabla sijampa chupa ameshainama guniani.

Gunia la mwisho lilikuwa limebaki na chupa chache tu mashine ilipolia kwa mlio mpya na kutoa karatasi. Mwalimu akaichukua, akaisoma, akamtazama wifi, ambaye pumzi zilikuwa zimemwishia.

"Tunaanza Jumatatu, mwanafunzi," akamwambia. "Usichelewe."

"Sichelewi, mwalimu." Kisha akanigeukia, machozi yanamtiririka, hata hayafuti. "Wifi, umesikia alivyoniita?"

"Nimesikia," nikamwambia, na mimi nalia. "Chuo kizima kimesikia."