Mbuzi wangu walikufa baada ya yoga, na video ninayo

Admin, nifichie jina. Jumatatu wiki hii nimepoteza mbuzi wawili wa maziwa, na wengine watatu maziwa yamekauka. Ukiacha vitoto nilikuwa nao kumi na mmoja, wamebaki tisa.

Nina miaka 39, naishi Yakobi, Njombe. Nilianza na mbuzi wawili, niliowanunua baada ya miaka sita ya kukaanga maandazi stendi ya Makambako. Sikupewa na mtu.

Mwaka huu nikaanza kupokea vikundi vya yoga. Watu wanatandika mikeka kwenye nyasi, mwalimu anawanyoosha viungo, vitoto vya mbuzi vinawapanda migongoni, wanapiga picha na kunywa chai ya maziwa. Jumamosi iliyopita walikuja akina mama 14 wa Makambako, mwenyekiti wao mama mkwe wangu. Alijitapa njia nzima kwamba mbuzi wa mkwewe ni wapole. Kufika, dakika ishirini hakuna hata kitoto kimoja kilichopanda mgongo wa mtu. Mimi nikaingia jikoni kushughulika na birika. Nilipotoka, vitoto vimejaa migongoni, na mbuzi wakubwa wanatafuna katikati ya mikeka. Mama mmoja anapiga kelele, "Jamani, huyu kanipenda kuliko mume wangu!" Nikacheka nao.

Jumatatu daktari wa mifugo akaniambia wamekula majani ya parachichi, ni sumu kwa mbuzi. Mimi sina mti hata mmoja, ila jirani anao kwenye mpaka. Nikampigia mama mkwe.

"Mama, shikamoo. Siku ile mliwapa mbuzi chochote?"

"Marahaba. Sisi? Hata jani. Mbuzi hakuumbwa kukanyaga migongo ya watu, mwanangu. Hayo mambo yako ya kigeni ndiyo yamewaua."

Jioni mume wangu akaniambia, "Mama kasema waliobaki waende shambani kwake Mdandu. Jumamosi saa mbili asubuhi naleta gari." Hakuniuliza. Mbuzi wangu!

Jana mmoja wa wale akina mama akanitumia video ya sekunde 41, eti nifurahi. Mama mkwe yuko mpakani anavunja matawi ya parachichi, anaita, "Njooni kwa bibi yenu!" Wenzake wanapiga vigelegele.

Najua hakukusudia. Kwao Mdandu zamani mbuzi walikula kila kitu, na maparachichi haya hayakuwepo. Kinachoniuma ni ile "hata jani". Nikionyesha video, mume atamwona mama yake mwongo, na mama ana presha. Nikinyamaza, miaka yangu yote inapakiwa kwenye gari.

Nishaurini, lakini msiniambie nisali, nimeshasali. Jibuni ONYESHA au NYAMAZA, na sababu moja. Nasoma majibu Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo sitamsikiliza mtu.