Dawa Yangu ya Tumbo Ndani ya Meli

Nichekeni tu, hata mimi nimeshajicheka. Kikundi yetu ya wamama wa Tetu tulienda Kisumu kutembezwa na meli. Nilikuwa nimesikia ati bia ya huko ndani inauzwa bei ya wazungu. Kwa hivyo nikabeba muratina yangu, ile pombe ya asali, nikaitia kwa chupa ya dawa.

Mwenyekiti akaniuliza na ile sauti yake ya puani, "Cucu, nyanya yetu, unakunywa nini kila saa?"

"Dawa ya tumbo."

Meli ikaanza kuyumba. Bibi ya pasta wetu aliyetusindikiza, mama mpole sana, akatapika mpaka akawa rangi ya majivu. Pasta akanijia mbio, sauti kama yuko kwa mimbari: "Mama! Ile dawa yako! Saidia dada yako!"

Wamama wote wakanigeukia. Sheria yetu ya kwanza ni hakuna pombe, na ukipatikana unatoka kwa kikundi. Lakini ningemnyima aje, na mtu anaumia hivyo?

Nikampatia kifuniko moja, nikiomba Mungu amzibe pua. Akameza. Akafungua macho. Akaomba ingine, hiyo akaimeza polepole, rangi ikaanza kumrudia.

Pasta akapiga makofi. "Haleluya! Mama, hii dawa inatengenezwa aje?"

Kabla nijibu, bibi yake akapangusa mdomo. "Ameweka asali kidogo," akasema. "Muratina ya baba yangu ilikuwa inashinda hii."