Mkalimani Chini ya Meza

Nakumbuka siku mume wangu alipotafsiri hotuba ya Balozi akiwa chini ya meza. Usicheke bado, mwanangu. Mimi mwenyewe siku hiyo sikucheka, na ilinichukua miaka kabla sijaweza kuisimulia mbele za watu bila kuona haya.

Leo umekuja hapa kwangu Geita kuniaga. Umeniambia mumeo amepangiwa kazi ubalozini, mnaondoka pamoja, na ukaniuliza ufungashe nguo gani. Nguo utanunua huko huko. Mimi na Baba Sayi tumeishi nchi kadhaa kabla hajastaafu, na sijaona ndoa ya mwanadiplomasia iliyovunjika kwa sababu ya koti. Kaa nikwambie jambo ambalo halimo kwenye mafunzo watakayokupa wizarani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi miguu yako bado naipenda.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa nchi ya baridi, ambayo sitaitaja kwa sababu waliokuwepo bado wako hai na simu wanazo. Baba Sayi alikuwa afisa mdogo kuliko wote pale ubalozini, lakini aliijua lugha ya wenyeji kuliko wakubwa zake, maana alisoma huko. Mimi nilikuwa mke wake tu. Hicho nacho ni cheo, mwanangu, usidanganyike. Barua ya uteuzi hupewi, mshahara hupewi, ila ukikosea mnakosea wawili.

Siku ya kufika, pale uwanja wa ndege, nilipomwona mke wa Balozi nilipiga goti kumwamkia kama nilivyolelewa. Mama Balozi akaitikia marahaba yake vizuri kabisa. Lakini mke wa afisa mmoja aliyesimama kando akacheka. "Dada, huku hatupigi magoti," akasema, "utachafua soksi." Neno dogo tu. Likaingia moyoni likakaa. Kuanzia siku hiyo nikaapa kwamba hakuna mtu pale ubalozini atakayeniona mshamba tena.

Basi nikajifungua Sayi, mtoto wetu wa kwanza, na mama yangu akaja kunitunza uzazi. Mama alikuwa mtu wa Rwamgasa, huku huku Geita. Alikuwa akiwapikia wachimbaji wa dhahabu, na wale vijana wasioogopa kuteremka shimoni kwa kamba walikuwa wakiogopa kumdai chenji. Alifika na kanga zake, dagaa, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, ambao askari wa forodha aliunusa mara kadhaa kabla ya kuurudisha.

Sasa wewe ni Msukuma kama mimi, unajua. Kwetu mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe wake wanastahiana. Hawakai pamoja, hawaangaliani usoni, na kuonana wakila ni mwiko mkubwa. Kijijini hilo halina shida: mama ana mji wake, mkwe ana wake, na katikati kuna shamba la pamba. Sisi tulikuwa na nyumba ya ghorofani yenye sebule moja, korido nyembamba na choo kimoja.

Wenyewe walijipangia utaratibu bila kuambiana neno. Baba Sayi alikohoa kabla ya kufungua mlango, akakohoa tena akipita koridoni. Mama akitaka kutoka jikoni aligonga sufuria kwa mwiko. Huyu anakohoa, yule anagonga, nami katikati na mtoto mgongoni, napeleka sahani moja chumbani na nyingine jikoni. Jirani wa chini, bibi mmoja mpole wa kule kule, alikisikiliza kikohozi kile hadi huruma ikamshinda, akapanda ngazi na chupa ya dawa. Baba Sayi akaipokea kwa shukrani. Ilibidi ainywe pale pale, maana bibi alisimama mlangoni akisubiri.

Ndipo Balozi akaandaa chakula cha mchana nyumbani kwake. Mgeni rasmi alikuwa mzee mmoja mkubwa serikalini mwao, mkali, mwenye nyusi nene, na ndiye angeamua kama wauguzi wetu wangepewa nafasi za masomo katika vyuo vyao au la. Ubalozi mzima ulikuwa ukihangaikia jambo hilo. Balozi akamwita Baba Sayi akamwambia, "Kijana, mkalimani ni wewe. Ukiniangusha Jumamosi, narudisha jina lako makao makuu ukapange mafaili." Hakuwa anatania. Balozi alikuwa mtu wa Tanga, anacheka na kila mtu, ila kwenye kazi hakuwa na mchezo.

Mama Balozi naye, kwa ukarimu wake, akanipigia simu. Alikuwa amesikia mama yangu yupo, na akasema lazima aje. "Huyo ni mama yetu sote." Halafu akauliza kwa upole, "Mama Sayi, kuna jambo lolote la kwenu tulijue? Chakula asichokula, mila yoyote?"

Mwanangu, nilikuwa nimeulizwa kabisa, kwa Kiswahili, na mtu mwenye nia njema. Lakini mimi nikakumbuka soksi. "Hakuna kitu, mama," nikajibu. "Mama yangu ni mtu wa kisasa."

Baba Sayi alipopata habari alikaa kitandani kama mtu aliyepigwa na shoti.

"Mama Sayi, wapigie uwaambie."

"Niwaambie nini? Kwamba afisa wa serikali anamkimbia bibi kizee?"

"Simkimbii. Namstahi."

"Basi mstahi ukiwa umekaa," nikamwambia. Nilikuwa na hesabu zangu: nyumba ya Balozi ni kubwa, mama atakaa mwisho kabisa na wanawake wenzake, wala hawataonana.

Jumamosi ikafika. Baba Sayi akakaa meza kuu, kati ya Balozi na yule mgeni. Mama nikamficha pembeni, karibu na dirisha, nyuma ya mwanamke mmoja mnene. Watu walipokwisha kuketi, Mama Balozi akatupa macho huku na huku, akaona haifai mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote akae pembeni. Akamshika mama mkono, akamleta meza kuu, akamkalisha uso kwa uso na mkwewe. Supu ilikuwa tayari mezani.

Mama alipoinua macho akamwona, alijifunika kanga gubigubi akageukia ukutani. Na mume wangu, kijana aliyesomeshwa na serikali, mwenye suti mpya na tai, akazama chini ya meza.

Balozi hakuona. Alikuwa amesimama, anaitazama karatasi yake. "Mheshimiwa mgeni wetu," akaanza, "kwa niaba ya serikali yetu, nakukaribisha nyumbani." Akanyamaza kusubiri tafsiri. Na tafsiri ikaja, mwanangu. Ikaja safi, kwa lugha fasaha, kutoka chini ya kitambaa cha meza.

Mgeni akaitazama supu yake. Kisha akautazama mkate.

"Toka huko," Balozi akasema polepole, meno yamebana.

"Siwezi, mheshimiwa. Mama mkwe yuko mezani."

"Mama mkwe ndiyo sababu ya mtu kuingia chini ya meza?"

Watu wote wakanigeukia mimi. Mungu ni mwema, alikuwa ananipa nafasi ya pili. Nikafungua mdomo nikasema, "Anaumwa tumbo."

Na kwa kuwa nilijishika tumbo wakati nasema, yule mgeni hakuhitaji mkalimani. Akaisukuma supu mbali naye. Mama Balozi akaweka kijiko chini. Nikawaona wauguzi wetu wanapotea, nikayaona na mafaili ya makao makuu, na mimi nyuma ya mume wangu na mtoto na mabegi, tunarudi nyumbani kwa aibu kabla hata hatujazoea baridi.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya kanga. Mama alisema huku bado anautazama ukuta.

"Balozi, baba, nisikilize. Mkwe wangu haumwi tumbo. Tumbo lile nalipikia mimi kila siku. Sisi Wasukuma, mkwilima na mama mkwe hawaonani wakila, ndiyo heshima yetu toka enzi. Kijana ananistahi, hana kosa. Mwenye kosa ni binti yangu. Mdomo anao, kautia kufuli."

Balozi akafikiri kidogo, kisha akainama kuelekea kitambaa cha meza. "Itafsiri hiyo," akasema.

Na Baba Sayi akayatafsiri maneno ya mama mkwe wake, yote, hata lile la kufuli. Mgeni akaomba arudiwe. Kisha zile nyusi zikaanza kupanda, mabega yakatikisika, na mzee yule mkali akacheka hadi akafuta machozi. Akasema kwamba mama mkwe wake yeye alikaa mbele yake mezani maisha yote ya ndoa akimhesabia viazi, na lau angejua kuna watu wenye sheria hii, angehamia kwao akiwa bado kijana. Hayo nayo yakatafsiriwa kutoka chini, na mtafsiri akisikika kuyafurahia.

Halafu mzee akafanya jambo ambalo sitalisahau. Aliinuka, akampa mama mkono, akabeba sahani yake mwenyewe, akaenda kula naye chumba cha pili. Baba Sayi akapata kutoka mafichoni, akasimama nyuma ya mlango akiwatafsiria. Waliongea habari za magoti yanayouma, wajukuu wasiotulia, na namna ya kupika viazi. Mama akamlisha michembe, maana kumbe alikuja nayo kwenye mkoba. Baadaye mzee akamwita Balozi.

"Huku kwetu wazee wengi wanakufa peke yao," akasema, na safari hii hakuwa anacheka. "Watu wanaomstahi mzee kiasi hiki, wauguzi wao nitawapokea."

Balozi akaja nyuma ya mlango akampiga Baba Sayi begani. "Kijana, umefaulu. Sasa njoo ule."

"Bado anakula, mheshimiwa," Baba Sayi akajibu.

Nilirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Mama alikuwa jikoni anaosha chupa za mtoto. "Umeona, mama," nikamwambia, "yote yameisha salama." Hakugeuka.

"Ulinionea aibu," akasema.

"Hapana, mama, nilitaka tu..."

"Ulinionea aibu. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mumeo alikuwa chini ya meza, watu wanamcheka, na hakujificha. Alisema sababu yake kwa sauti. Wewe ulikaa kitini umevaa vizuri, na ndiwe uliyejificha."

Nililia. Mama akaniacha nilie, akamaliza chupa zake, akazipanga, ndipo akaja akanifuta uso kwa upindo wa kanga. Hakulirudia neno lile hadi alipofariki, na hakuwa na haja ya kulirudia. Hadi leo likinijia nikiwa peke yangu, linauma.

Basi shika maneno yangu, mwanangu. Huko uendako, mumeo atabeba jina la nchi ofisini, na wewe utalibeba mlangoni kwako, na wageni wengi wataijua nchi yetu kwa kukujua wewe. Usipowaeleza mambo ya kwenu, watajieleza wenyewe, na watakosea. Ukiulizwa mila zenu, sema mapema, kabla chakula hakijaletwa, wala usianze kwa kuomba radhi. Uliza na zao, maana kila nyumba ina mwiko wake, hata zile zenye uma tatu kwa mtu mmoja. Atakayecheka mwache acheke. Mwenye hekima akishacheka huuliza swali, na hapo ndipo urafiki unapoanzia. Mwenye kukudharau kwa sababu ya kupiga goti angekudharau hata ukisimama. Mkana kwao mtumwa, walisema wazee. Mimi nimejifunza kwamba mtu hakani kwao kwa kutangaza sokoni. Anakana kidogo kidogo, kwa jibu la adabu kwenye simu.

Nenda, mwanangu. Mungu awatangulie wewe na mwenzio, akupe wenyeji wenye subira na majirani wenye huruma. Akujalie watoto, na mama yako apate nguvu ya kupanda ndege kuja kukutunza. Na siku hiyo watakapokuuliza huyu ni nani, Mungu akupe mdomo wa kumtaja yeye na mila zake zote, kwa sauti, angali hai akikusikia.