Aliyesimama kwenye Gondola

Nives Scarpa hakumwamini mtu yeyote anayeburuta begi la magurudumu, na alikuwa na sababu zake. Kwa miaka mingi alipiga pasi shuka za hoteli moja huko San Marco, na anayezijua shuka za watu, alipenda kusema, hana haja ya kuambiwa siri zao. Sasa wageni wale wale walikuwa wameumaliza mtaa wake wa Cannaregio nyumba baada ya nyumba. Fundi viatu kahama, muuza maziwa kahama, na kila mlango umetundikwa kisanduku cha funguo za wageni wa siku mbili. Imebaki nyumba yake, juu ya mfereji, alimozaliwa na alimofiwa na mume.

Kusema kweli haikuwa yake. Ilikuwa ya Ersilia, jirani wa ghorofa ya juu, aliyekula naye kila Jumapili hadi alipofariki wakati wa Pasaka. Mrithi ni mpwa wake wa Torino, ambaye mtaani hakuna aliyewahi kumtia machoni. Mpwa huyo akiwauzia watu wa vyumba vya wageni, Nives atahamishiwa Mestre, bara, kwenye magari na moshi. Kwake yeye huko ni kuzikwa huku unapumua.

Asubuhi moja alitoka sokoni Rialto na kikapu cha dagaa, akapanda gondola, mtumbwi wa kuvushia watu mfereji mkuu. Humo mwenyeji husimama. Mgeni hukaa na kung'ang'ania ubao. Siku zote Nives aliwapima watu kwa hilo. Basi akapanda mwanamume mmoja na begi lake la magurudumu, na akasimama. Gondola ilimyumbisha, lakini alisimama mpaka ng'ambo.

"Mgeni kasimama, mama," Alvise mpiga kasia akamtania. "Huyo wa kwetu."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," Nives akajibu bila kugeuka. Siku hizi, aliwaza, hata kusimama wanafundishwa.

Waliposhuka, yule mtu akamfuata. Nives akakaza mwendo, naye akakaza. Mwishowe akamwamkia kwa adabu na kumtajia nambari ya nyumba. Katika mji ule wa mifereji nambari huzunguka kata nzima bila mpango, hata jirani haijui ya jirani yake. Watu huulizana kwa kanisa au duka la mikate. Lakini hii Nives aliijua. Iliandikwa juu ya mlango wake mwenyewe.

"Nataka kuiona tu hiyo nyumba," mtu yule akasema. "Mengine baadaye."

Kuiona nyumba. Hilo lilimtosha Nives: huyu ni mnunuzi. Akanyoosha mkono upande usio wenyewe.

"Nenda moja kwa moja, mwanangu. Ukivuka daraja, uliza tena."

Ndilo jibu ambalo mji ule humpa kila mgeni, na hakuna kichochoro kinachokwenda moja kwa moja. Nives alisikiliza begi likigonga ngazi za daraja mpaka sauti ikapotea, akaenda zake kukaanga dagaa na kuwalaza kwenye vitunguu na siki. Jioni kengele ililia. Hakufungua.

Kesho yake ililia tena, na safari hii alimsikia mwanasheria wa marehemu, mtu anayemfahamu. Akafungua. Nyuma yake alisimama yule yule wa jana, bila begi.

"Kumbe ni wewe, mama," akasema.

Aliitwa Corrado, mpwa wa Ersilia. Alieleza polepole, bila kufoka, na Nives angeona afadhali afoke. Shangazi, kabla hajafa, alimwagiza kwa simu kwamba asiamue lolote kabla ya kula mezani kwa Nives. Basi alizunguka mchana kutwa mpaka miguu ikachubuka. Alipoipata nyumba jioni alipiga kengele, hakujibiwa, akadhani Nives kashahama. Pembeni ofisi ya watu wa vyumba vya wageni ilikuwa wazi. Wakampa kiti na maji. Akatia saini kuwauzia.

Nives akamtazama mwanasheria. Mwanasheria akatikisa kichwa: saini ile haifutiki tena.

"Ungesema tu kwamba wewe ni wa Ersilia," Nives akanong'ona.

"Nilisimama, mama. Shangazi aliniambia, usikae kwenye gondola, Nives akikuona umesimama atakujua."

Nives aliaibika mpaka masikio yakamwaka. Akapakua dagaa, wakala wote watatu, na Corrado akasema shangazi hakuzidisha sifa.

Alipouliza njia ya kurudi ng'ambo alikoacha begi, Nives alijitupia mtandio, akamsindikiza mwenyewe, kona kwa kona, mpaka majini. Alvise akampa mkono kumpandisha. Gondola ilipoanza kuyumba, Corrado alitafuta ubao kwa kiganja, akakaa.