Usidai Matunzo kwa Wivu

Nakumbuka siku moja ya gulio pale Magoma, nilipomwona mke mpya wa mtalaka wangu amevaa kanga mpya, hata haijafuliwa bado. Mwanangu, kifua kiliniwaka. Umeniambia baba wa wanao kapunguzwa kazi na anaomba apunguziwe matunzo, nawe umeapa hatapunguziwa hata senti. Keti kidogo. Kiapo hicho hata mimi niliwahi kukila.

Mtalaka wangu, Athumani, alikuwa mkata mkonge. Aliponiacha, mahakama ilimwamuru alete fedha kila mwezi kwa ajili ya watoto wetu, Rehema na mdogo wake, naye akawa analeta bila kusukumwa. Kisha akaoa tena, kijiji cha Kerenge. Mke huyo mpya, Mwanaidi, alikuwa mwembamba, mcheshi, na mimi sikumpenda hata chembe. Nilikuwa nimeachika, lakini moyo wangu ulikuwa bado haujapokea talaka yake. Usicheke, yatakukuta.

Miaka ile ya ujamaa bei ya mkonge ikaanguka. Wakata mkonge wakawa wanapewa kazi siku chache tu, na asiyekata halipwi. Athumani akaja uani kwangu, hata kuketi hakuketi.

"Mama Rehema, kiwango kile sikiwezi tena. Twende mahakamani wakipunguze. Nikivuna nitaleta mahindi na maharage."

"Kanga umeiweza," nikamjibu. "Basi na hiki utakiweza."

Alipoondoka nikaamua kumshtaki ili afungwe. Hasira hasara, lakini mwenye wivu hana nafasi ya kukumbuka methali. Na kwa kuwa kwetu Wazigua mwanamke haendi kwenye shauri bila mjomba wake, nikatuma watu Handeni wamwite Mjomba Sefu. Mzee akaja, akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua fimbo yake akaenda Kerenge peke yake. Nilijua anakwenda kumkaripia Athumani. Nikafurahi!

Kesho yake akarudi. Nikampa shikamoo, nikamwekea kigoda.

"Nimelala kwao," akasema. "Wamenipa ugali na mlenda, na yule binti kala makoko ya chunguni tu. Kanga kweli kanunuliwa na mumewe. Ulitaka avae gunia?"

Nikageuka kumtilia maji ya kunywa.

"Mpwa wangu, unawadaia watoto chakula, au unamdai Athumani mwenyewe? Akifungwa, Mwanaidi atalia nawe utafurahi. Jioni watoto wakitaka uji utawapa nini? Machozi ya Mwanaidi?"

Mwanangu, jibu la kweli lilikuwa kwamba namdai Athumani mwenyewe. Niliona haya mpaka nikajifunika uso kwa upindo wa kanga, na mzee akaangalia pembeni ili nisizidi kuaibika.

Tukaenda mahakamani Korogwe. Fedha zikapunguzwa, mahindi na maharage yakaongezwa, na ikaandikwa kwamba kazi ikirudi kama zamani, kiwango nacho kitarudi. Usinidhanie malaika. Mwanaidi alipoleta debe la kwanza la mahindi kichwani mwake, nilimkaribisha kwa mdomo uliopinda, na usiku sikupata usingizi vizuri. Ila watoto walilala wameshiba.

Basi nisikilize. Kipato cha mzazi kikishuka, matunzo hayafi, yanapimwa upya. Mkono mtupu haulambwi. Mwambie mzazi mwenzio asiyakate kimyakimya. Aende kule kule yalikopangwa, aeleze mapema anachopata sasa, kabla madeni hayajamfika shingoni. Nawe chunguza kama asemayo ni kweli, maana waongo wapo, tena wengi. Ukiona ni kweli, kubali, na udai iandikwe kwamba akipata zaidi ataongeza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mambo ya mke wake anavaa nini, anasuka kwa nani, yaache. Wivu utakuja tu, sikudanganyi, wangu ulikaa miaka. Ukaribishe kama mgeni asiyeepukika, lakini usiupe nafasi ya kuamua wanao wale nini.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie riziki, ampe na yule kazi nyingine, awakuze wanao wawe wanamtaja baba yao nyumbani mwako bila kushusha sauti. Amin.