Kioo cha Upande wa Maitu

Mtaa mzima wa Majengo, mjini Nyeri, ulimjua kama Ngatia wa redio. Kibanda chake kilikuwa karibu na msikiti, na ndani mlijaa redio zilizopasuliwa matumbo zikisubiri wenyewe wazikumbuke. Alikuwa na mikono myepesi na mdomo mzito. Ukimpelekea redio iliyonyamaza hakukuuliza ilianzaje. Aliifungua, akaguna, na jioni ukaisikia ikisoma taarifa ya habari. Basi alipopata gari, mapema miaka ya themanini, hakuna aliyeshangaa kwamba alipenda nyaya zake kuliko magurudumu yake.

Lilikuwa Pijo la rangi ya maziwa, aliloachiwa na bwana mkubwa mmoja wa kahawa aliyekuwa akihamia Mombasa. Vioo vyake vilipanda na kushuka kwa umeme, mbele na nyuma. Siku ya kwanza Ngatia alikaa uani akivipandisha na kuvishusha mpaka mkewe Murugi akatoka jikoni kumwuliza kama alikuwa amenunua gari au kinanda. Usimcheke. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya udongo ana haki ya kucheza na kitu chake.

Kila Jumapili alipanda hadi kijijini Ihururu kumchukua mama yake, Waithira, ampeleke kanisani. Nyumba ya mama ilikuwa juu kabisa ya mteremko, na kanisa chini kabisa, na kati yao barabara ya vumbi iliyojaa waumini wanaokwenda kwa miguu. Ngatia alipewa jina la babu yake, baba mzazi wa Waithira, na kwa desturi ya kwao mama hakumwita mwanawe kwa jina. Alimwita baba. Alimwita hivyo tangu akiwa mchanga mgongoni, na hakuwa akitania; alimpa na heshima inayoandamana na neno lenyewe. Ngatia naye alimwita maitu, kama kila mtoto wa Kikuyu amwitavyo mama yake.

Maitu alikaa nyuma, upande wa kushoto, na alijifunza kitufe cha kioo kuliko alivyowahi kujifunza kitu chochote cha mjini. Alikibonyeza kwa kidole gumba. Kioo kikashuka, kichwa chake chenye kitambaa kikatoka nje, na salamu zikaanza.

"Simama kidogo, baba, yule ni Kabura."

Kabura alikuwa rika lake. Walitahiriwa msimu mmoja na kuolewa mwaka mmoja. Ngatia akasimama. Wakaulizana habari za mbuzi, za magoti, za mvua. Gari likaondoka, likasimama tena kwa mwingine. Huyu akapitisha viazi dirishani, yule akapitisha mtoto mchanga abarikiwe. Wakifika kanisani ibada imeanza, Pijo limejaa vumbi hadi kwenye dari, na maitu ana furaha ya mtu aliyetoka arusini.

Ngatia alivumilia. Kisha ikaja Jumapili aliyompa lifti Moffat, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa, mwanamume wa suti na mkoba. Ngatia alitamani sana kuonekana mtu mbele ya Moffat. Lakini maitu hakuwa na habari na mkoba wa mtu. Alishusha kioo kama kawaida, vumbi likaingia, na Kabura akapitisha kuku hai aliyepiga mabawa usoni pa mwenyekiti. Moffat alijipangusa suti, akacheka.

"Ngatia," akasema, "huyu mama yako angekuwa kondakta mzuri sana."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini Ngatia alisikia haya mpaka kwenye nyayo.

Jumamosi iliyofuata aliliegesha gari uani, akafungua ubao wa ndani wa mlango wa nyuma na kuzifuata nyaya kwa taratibu. Kazi ilikuwa ndogo mno kwa mikono yake. Aliukata waya uliopeleka umeme kwenye kitufe cha maitu, akauvuta chini ya zulia hadi mbele, akauunga na swichi aliyoing'oa kwenye redio mbovu, na swichi yenyewe akaificha chini ya dashibodi karibu na goti lake. Akiizima, kitufe cha nyuma kimekufa, ila kile chake cha mbele bado kinashusha na kupandisha vioo vyote apendavyo. Akarudisha ubao, akakaza skrubu. Hakuna jicho ambalo lingegundua.

Murugi alikuwa akianua nguo.

"Unatengeneza nini na haijaharibika?"

"Vumbi inaingia sana. Nimeweka kioo ya maitu isishuke ovyo ovyo."

Murugi alikunja shuka taratibu. "Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Ngatia, si umwambie tu msimame mara mbili badala ya mara kumi? Mama ni mtu anasikia."

Ndivyo ilivyokuwa, na Ngatia alijua. Maitu angesikia. Lakini kumwambia kungehitaji maneno, na maneno ndiyo yaliyomshinda Ngatia maisha yake yote. Kwa waya alikuwa bingwa.

Jumapili, kabla ya kufika kwa Kabura, aliizima swichi. Akasikia nyuma yake kidole kikibonyeza. Kikabonyeza tena. Kabura alikuwa ameshainua mkono kando ya barabara, na Pijo likampita likimtimulia vumbi, maitu akiwa amebandika kiganja kwenye kioo.

"Baba," maitu akasema baadaye, kwa sauti ndogo. "Hii kitu imekataa."

Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema. Ngatia akasema, "Ni mambo ya umeme, maitu."

"Ni mimi nimeua. Nilikuwa nafinya sana."

Ngatia akanyamaza. Wala hakusema ndiyo. Alinyamaza tu, akabadilisha gia. Ukiniuliza mimi, uongo wote alioutoa baadaye ulizaliwa kwenye kimya kile.

Jumapili hiyo waliwahi kanisani. Iliyofuata pia. Gari lilibaki safi, na Ngatia hakuonja raha yoyote. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma alimwona maitu ameketi wima, mikono miwili mapajani, mbali na mlango, kama mgeni aliyeonywa asiguse vyombo. Watu walipopunga, aliinamisha kichwa. Siku moja aliuliza kwa upole kama hakuna fundi awezaye kuitibu ile kitu, na Ngatia, fundi mwenyewe, akajibu kwamba spea haipatikani Nyeri, labda Nairobi, na hata Nairobi ni bahati. Alijisikia akiyasema, roho ikamsuta, na bado akayasema.

Ihururu nako maneno yakaanza. Kabura aliwaambia wenzake wa kikundi cha kina mama kwamba Waithira siku hizi amekuwa bibi wa gari, anapita watu kama mawe. Yalipomfikia maitu hakukasirika. Baada ya ibada aliwaita kando, akawaeleza yote kama alivyoyajua.

"Msinihukumu. Niliharibu gari ya baba kwa hii kidole yangu. Spea ni mpaka Nairobi. Na hajanigombeza hata siku moja."

Ngatia alikuwa nyuma yao ameshika funguo. Kina mama waligeuka wakamtazama kwa macho ya sifa, na Kabura akatikisa kichwa akisema, "Ati hajakugombeza! Kweli umezaa." Laiti ardhi ingepasuka akatumbukia, angeshukuru. Alikwenda kukaa ndani ya gari, akaikuta ile swichi kwa vidole, ndogo na baridi, akaishika bila kuigeuza. Alijiambia kwamba wiki ijayo atasema.

Wiki iliyofuata alipofika kwa maitu alikuta moshi. Uani moto ulikuwa umewashwa, na pembeni amefungwa mbuzi dume mweupe, yule ambaye maitu alimlea tangu akiwa mdogo. Mjomba Kihara, kaka mdogo wa maitu, alikuwa amekalia kigoda akinoa kisu.

"Kuna sherehe gani?" Ngatia akauliza.

"Kaa chini," Kihara akasema. "Dada yangu amekosa. Ameharibu mali ya mtu mkubwa, na huyo mtu ako na jina ya baba yetu. Sisi hatuwezi kuacha maneno kama hiyo ilale. Ametoa mbuzi."

Huko kwao kosa zito lilimalizwa hivyo. Aliyekosa anatoa mnyama, aliyekosewa anakata nyama ya kwanza na kuila mbele ya shahidi, na kuanzia hapo jambo limekwisha. Halitajwi tena na yeyote, wala kwa hasira wala kwa mzaha, kwa sababu limeliwa.

Ngatia alimtazama mbuzi. Alimtazama maitu, aliyesimama mlangoni amevaa kitambaa kipya na uso wa mtu anayengoja kutuliwa mzigo. Murugi, aliyekuja naye siku hiyo, alimshika mkono wa shati.

"Sema saa hii," akamnong'oneza. "Kabla kisu."

Alifungua mdomo. Nataka hilo lijulikane, kwamba alifungua mdomo. Lakini aliona jinsi habari itakavyotua: mjomba na kisu chake, maitu akisikia mbele ya kaka yake kwamba mwanawe, huyu anayemwita baba, alimfungia kioo kama mtu anavyofungia kuku, kisha akamwacha ajitangaze mkosaji mteremko mzima.

"Maitu, hakuna haja ya mbuzi," ndilo lililotoka.

"Ni wewe unasema hivyo kwa sababu uko na roho nzuri," maitu akamjibu.

Basi mbuzi akachinjwa. Mbavu zilipoiva, Kihara akampa Ngatia kisu. Ngatia akakata, akatia mdomoni. Ilikuwa nyama laini ya mnyama aliyelishwa vizuri, na aliitafuna kama anatafuna kitambaa, maitu akimwangalia. Alipomeza, maitu alivuta pumzi ndefu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kuku, akaenda kuleta uji. Murugi alisimama akaondoka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Kesho yake Ngatia hakufungua kibanda. Alifungua mlango wa gari, akang'oa swichi, akaunga waya pale pale alipoukata, akafunga vizuri na utepe. Swichi aliitupa chooni. Alijaribu kitufe cha nyuma: kioo kilishuka kwa ulaini ule wa siku ya kwanza, na machozi yakamlenga kwa namna ambayo ingemwaibisha kama angeonwa.

Jumapili alimfungulia maitu mlango mwenyewe.

"Maitu, kioo imepona. Finya."

Maitu alifurahi sana. Lakini mikono yake aliirudisha chini ya shali. "Hapana, baba. Mkono yangu ni mbaya kwa mashine. Utafinya wewe."

"Maitu, haukuharibu. Ile kioo, ni mimi nili..."

"Ngatia!" Hakuwahi kumwita kwa jina. Aliinua kiganja, uso umekuwa mkali kama wa mtu anayemzuia mtoto asikanyage moto. "Hiyo maneno tulikula. Kihara aliona. Unataka kuileta nje tena, itufuate?"

"Lakini maitu, nisikie..."

"Tulikula, baba," akasema, sasa kwa upole. "Endesha."

Akaendesha. Angefanya nini? Mlango wa kusema alikuwa ameufunga kwa meno yake mwenyewe. Chini kidogo Kabura alikuwa akitembea kando ya barabara, na kutoka nyuma ikaja sauti ya mtu anayeomba.

"Baba, nifungulie."

Ngatia alisimama, akabonyeza kitufe cha mbele, kioo cha nyuma kikashuka. Wale wazee wawili wakashikana mikono dirishani wakaulizana habari za mbuzi, za magoti, za mvua. Ngatia alizima injini ili wasione kwamba wanaharakishwa. Kabura alipomaliza akaja mbele, akamwekea kiganja begani.

"Mungu akubariki, wewe. Mwingine angemkataza mama yake hii gari."

Ngatia aliitikia amina.

Walipoondoka aliamua kioo kibaki wazi. Kiwe wazi hadi kanisani, akajiambia, na kila Jumapili baada ya hapo. Vumbi na liingie, asalimie apendavyo. Wazo hilo lilimpa nafuu kidogo. Gari moja likawapita kwa kasi, wingu jekundu likaingia ndani lote. Akatazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

Maitu alikuwa akikohoa ndani ya shali, taratibu, asisikike. Kwa ncha ya kitambaa chake kipya alikuwa akipangusa vumbi kwenye kiti, halafu kwenye mlango, akikizunguka kile kitufe pasipo kukigusa. Alidhani mwanawe amesahau kufunga, na hakutaka kumsumbua mara ya pili.

Ngatia akakipandisha kioo.

"Asante, baba," maitu akasema.