Mume Aliyemchotea Mkewe Maji

Harufu ya viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani ndiyo inayonirudisha Ngokolo, mwaka nilipokuwa darasa la tatu. Msimu ule wa michembe wanawake walikaa uani kwetu, visu mikononi, wakimenya viazi na kumsema jirani yetu, Baba Minza. Hanywi pombe, hagombi na mtu, anaimba kwaya. Tena kila siku yuko bombani na ndoo mbili, anamchotea mkewe maji. Hata sokoni anakwenda mwenyewe.

"Kalishwa limbwata huyo," alisema Mama Shija. "Mwanaume mzima na ndoo!"

"Mwenzetu kaolewa, sisi tumeajiriwa," mama yangu akajibu, wakacheka.

Mchana mmoja mama alinituma kwa Mama Minza nikaazime ungo. Nilipopiga hodi, sauti ikatoka dirishani: "Nimefungiwa kwa nje, mwanangu." Kweli, kufuli lilining'inia mlangoni. Nyuma ya wavu wa dirisha niliona uso wake, jicho moja limevimba hadi limefumba. Nikamwamkia. "Marahaba," akanong'ona. "Mwite mama yako, aje sasa hivi. Baba Minza amekwenda bombani. Amesema akirudi ananimaliza."

Nilikimbia. Lakini mbele ya wale wanawake ulimi ukagoma, kama ulivyogoma siku zote. "Ungo uko wapi?" mama akauliza.

"Huyu kwa ukimya wake atapata mume kama wa Mama Minza!" Mama Shija akanitania.

Hapo nikalia, maneno yakatoka pamoja na machozi: amefungiwa, jicho limevimba, anasema leo atauawa.

Kicheko kikakatika. "Mambo ya ndoa hayo, mayo, tusiyaingilie," Mama Shija akamwambia mama, kwa sauti ya chini. Mama akainuka. Alichukua shoka la kuni akatoka, na wengine wakamfuata, Mama Shija wa mwisho. Kufuli liling'oka kwa pigo la tatu. Mama Minza alikuwa ndiyo kwanza anavuka kizingiti, mtoto mgongoni, Baba Minza alipotokeza na ndoo zake. "Habari za mchana, mama zangu?" alisema, kwa upole uleule. Hakuna aliyeitika. Walimweka mkewe katikati yao, wakatembea naye hadi polisi.

Sasa ninaishi Kalangalala, Geita, ninashona nguo. Zamani niliamini kuwa wale wanawake hawakujua. Kumbe walijua mengi sana kuhusu yule mume, ila hakuna aliyewahi kumuuliza mke. Juzi majirani walikuwa wanamsifu mpangaji mpya: mtulivu, mcha Mungu, mkewe hatokitoki ovyo. Niliacha cherehani, na aibu yangu yote, nikaenda kumpigia hodi yule mke.